Tulivyomwandalia Justi Kigari cha Mbio

Ninyi vijana mnaokuja kwangu Ijuganyondo kila Jumapili na vigari vyenu vilivyoshushwa chini mpaka vinafyeka majani ya njiani, mkaniamsha kwenye kiti mkaniuliza, "Babu, hiki kitakimbia?" nawajibu wote kwa pamoja humu, ili Jumapili ijayo nilale. Kitakimbia. Hata kabati litakimbia ukilisukuma kwenye mteremko wa kushukia mjini. Kazi ya fundi ni mambo mengine: gari lisimame unapotaka lisimame, likate kona unapotaka likate, na lisimwage oili mbele za watu.

Mimi niliishia darasa la saba. Yaliyobaki niliyasoma nikiwa chali chini ya magari, na walimu wangu wengi walikuwa wakinidondoshea matone usoni.

Niliingia gereji ya Fundi Mutalemwa, pale Kashai mjini Bukoba, wakati wa vita vya mpakani. Watu walikuwa wanakimbilia Muleba na magodoro kichwani, na mizinga ilisikika kutoka mpakani kama mtu anayefunga milango ya nyumba kubwa, mmoja baada ya mwingine. Fundi alikuwa amefungua kichwa cha injini ya pikapu ya mteja.

"Fundi," nikamwambia, "watu wanakimbia."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwenye gari amekimbia?"

"Amekimbia."

"Gari lake limekimbia?"

"Halijakimbia."

"Basi lete gasketi."

Tuliifunga ile injini kama vile hakuna kinachoendelea, tukapanda pikapu, tukakimbia nayo. Mwenye gari tulimkuta Muleba amekaa juu ya sanduku lake. Alitushukuru sana kwa kumletea gari, kisha akalalamika kwamba klachi inateleza. Hapo nilijua kazi hii ni ya maisha, maana hata vita haviwezi kumfanya mteja aridhike.

Sasa mbio. Vita vilipokwisha, upande wa Muleba kulibaki kiwanja cha moramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, ambacho askari walikuwa wamekisawazisha ili kuegesha malori. Waliondoka na malori, wakaacha kiwanja na mapipa matupu. Sisi tuliyapanga mapipa yakawa kona. Hakuna aliyetupa ruhusa na hakuna aliyetunyima. Jumamosi moja moja, petroli ikipatikana, wenye magari walikusanyika, kila mmoja akaingia peke yake, akazunguka mara mbili, akatoka, akaingia mwingine. Hatukushindana barabarani. Barabarani kulikuwa na ng'ombe, na wanafunzi, na padri mmoja mwenye pikipiki ambaye asingekubali kupitwa.

Saa ya kupimia ilikuwa ya Shabir. Familia yake ilikuwa na duka la vipuri karibu na soko. Ndugu zake walihama mmoja mmoja, yeye akabaki na mafilta ya hewa. Alikuwa anaagiza magazeti ya magari kutoka nje, yanafika yamechakaa, na kwenye magazeti hayo ndipo rafiki yangu Justinian alipoona vile vigari vidogo vyenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na injini yenye hasira kuliko umbo lake. Justi nilikua naye Kahororo. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kuchekesha. Baada ya vita alifanya biashara ya sabuni na vitenge mpakani, akapata kidogo, akaja gereji akasema, "Deusi, nataka kile kinachoruka."

Tukaenda kutafuta. Sikilizeni namna ya kuchagua, maana hapa ndipo wengi wenu mnapoibiwa huku mnatabasamu.

Cha kwanza kilikuwa cha sista mmoja muuguzi. Kisafi, kimefutwa mpaka chini ya viti. Sista akauliza, "Mtakitumia kwa kazi gani?" Justi alishindwa kumdanganya mtawa. Akasema, "Kukimbia, Sista." Sista akafunga mlango wa nyuma taratibu, akatuletea chai, tukanywa, tukaondoka. Somo: zungumza na muuzaji kabla ya mwenzako mkweli.

Cha pili kilikuwa cha Magesa, mfanyabiashara wa samaki kutoka upande wa Mara, aliyekuwa ananunua visiwani huko Muleba na kupeleka sokoni. Injini yake ilikuwa nzuri kweli. Nikaingia ndani nikae, mguu wangu ukapita sakafuni ukakanyaga ardhi ya Kemondo, alikokuwa ameliegesha.

"Magesa, hapa hakuna sakafu."

"Fundi, hiyo ni ya kuingizia hewa."

"Hewa ya nini?"

"Wewe hujasikia harufu?"

Maji ya samaki yalikuwa yamekula bati mpaka kwenye chesisi. Injini mbovu inatengenezeka. Chuma kilichooza hakitengenezeki, kinahamishwa tu kutoka kwako kwenda kwa mjinga mwingine. Gongeni chini ya milango kwa mpini wa bisibisi. Ikilia ngong'o, nunua. Ikilia kama unagonga mkate, agana na mwenye gari kwa heshima. Magesa hakukasirika. Alitupa samaki, nao walikuwa wazuri kuliko gari.

Cha tatu tulikikuta kwa mwalimu mmoja huko Muleba. Cha kijani, kimetoka ng'ambo ya mpaka baada ya vita, na nyuma kina tundu la risasi ambalo mwalimu alikuwa ameliziba kwa kigingi cha mti. Watu walikuwa wanakiogopa. Walisema kina mtu wake aliyefia humo. Mimi nikafungua kifuniko cha oili nikatazama chini yake: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Palikuwa safi. Nikakata usukani mpaka mwisho nikaendesha polepole nikisikiliza magurudumu ya mbele: yakilia tak-tak-tak, jointi zimekwisha. Yalinyamaza. Nikakiwasha asubuhi kikiwa baridi, maana muuzaji anayekuwashia gari mapema kabla hujafika anakuficha jambo. Kikawaka.

"Na tundu?" Justi akauliza.

"Tundu la risasi halipandishi joto la injini," nikasema. Tukakinunua. Justi akakiita Senene, kama wale panzi wa kijani tunaowala, kwa rangi yake na kwa matarajio aliyokuwa nayo.

Lakini ndani ya Senene kulikuwa na mfumo wa kupulizia petroli ambao Bukoba nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuufungua. Fundi Mutalemwa aliinua boneti, akatazama vile vibomba kwa muda mrefu kama anayetazama matumbo ya mbuzi wa jirani, akashusha boneti. "Huyu ni wa ukoo mwingine," akasema. Tuling'oa vyote tukafunga kabureta ya pikapu. Likapungua nguvu kidogo. Lakini kuanzia siku hiyo fundi yeyote kutoka Bukoba mpaka Biharamulo angeweza kulitengeneza akiwa anazungumza habari nyingine. Chagua gari unaloweza kulitibu hapo unapoishi. Haya mengine ni picha za magazetini.

Kosa langu kubwa lilikuwa springi. Nilisoma kwenye gazeti la Shabir kwamba gari la mbio linakaa chini. Kusoma kwenyewe nilikuwa nasoma picha. Nikachukua msumeno nikakata springi zote nne. Senene ikakaa chini kweli; tairi zikawa zinasugua bodi, na shimo dogo tu likimkuta Justi alikuwa anagonga kichwa kwenye paa. Nilimwita Mutalemwa nikitarajia kusifiwa.

Akalizunguka. "Umelifupisha."

"Ndiyo, Fundi."

"Sasa lirefushe."

Akarudi kwenye kahawa yake ya kutafuna. Springi nyingine zilitoka Mwanza kwa meli, na mpaka zilipofika nilikuwa nimeelewa kwamba kwenye moramu gari linahitaji nafasi ya kupumua chini. Huyo mzee hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Alikuwa anakuachia kosa lako ukae nalo, mlale chumba kimoja.

Breki ndizo alizozisimamia mwenyewe. Mwaga mafuta yote ya zamani ya breki, weka mapya, toa hewa gurudumu moja moja. Mafuta ya breki yakizeeka yana maji, na maji yakipata moto kwenye kona ya tatu yanachemka, na pedali inazama mpaka sakafuni kama mguu wangu kwenye gari la Magesa. Mkishamaliza breki ndipo mguse injini. Ninyi mnaanza na bomba la moshi. Nawasikia mkiwa bado Kashai.

Basi, wakati tunasubiri springi, Justi akaanza kupungua.

Wenzangu wa umri wangu hawahitaji maelezo. Ninyi mmezaliwa kukiwa na vidonge, mtu anameza anaendelea na kazi zake mpaka anazeeka, na mimi humshukuru Mungu kwa hilo kila nikipita hospitali. Wakati ule hapakuwa na kidonge. Ugonjwa ulipewa majina ya nguo na majina ya utani, kwa sababu jina lenyewe tuliliogopa. Kwenye vijiji vingine ungepita asubuhi ukakuta kahawa imeiva mpaka imedondoka chini, na hakuna wa kuichuma. Justi tulimzika mwaka huo huo. Nawaambia mapema ili msikae mkisubiri muujiza. Hii ni habari ya magari.

Alichotaka kilikuwa kimoja: kukiendesha Senene mwenyewe pale kiwanjani, mizunguko yake miwili, kabla mikono haijakataa usukani. Mama yake, Ma Leokadia, hakutaka. Alichukua ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, na kanga hiyo alilala nayo.

Nilitumwa kwenda kumbembeleza. Nilimkuta anapalilia.

"Ma, shikamoo."

"Marahaba, Deusi. Kama umetumwa, rudi."

"Nimekuja kusalimia tu, Ma."

"Umesalimia. Sasa nisikilize. Wawili nimewazika kwa ugonjwa, dada yake na mdogo wake. Huyu wa tatu ugonjwa ukimchukua, nitanyamaza, sina wa kumlaumu. Lakini gari? Gari lina mtu aliyelitengeneza. Unataka nikuchukie wewe?"

Sikutaka. Nilishika jembe jingine nikapalilia naye mpaka mstari ukaisha, nikarudi.

Justi alicheka. "Endelea kuandaa," akasema. "Mama ni kama injini ya dizeli. Inachelewa kupata moto." Kwa kuwa hakuweza tena kutembea mpaka gereji, tulikokota Senene kwa kamba mpaka kwao, hapa hapa Ijuganyondo, tukaiweka nyuma ya nyumba. Na hapo nikajifunza jambo ambalo halikuwemo kwenye gazeti lolote la Shabir: gari linaandaliwa kwa mwili wa dereva. Dereva wangu alikuwa hana nguvu mikononi, basi nikaondoa ule usukani mdogo wa mbio nikafunga mkubwa wa pikapu, maana usukani ukiwa mpana unahitaji nguvu kidogo. Matairi ya mbele nikaweka membamba, nikayajaza upepo zaidi. Klachi ilikuwa nzito kwake. Mutalemwa akachomelea kipande cha chuma kuurefusha mkono wa klachi kwenye gia boksi, nikaupaka waya grisi, ikawa unaweza kuikanyaga kwa kidole gumba. Pedali nikazisogeza karibu. Kiti kilimuumiza mifupa, nikakata godoro langu. Kofia ya pikipiki tuliyoazimwa na yule padri ilikuwa inamzunguka kichwani kama sufuria, nikaijaza vipande vya kitenge.

Kisha tukapunguza uzito. Kila kilo unayoitoa ni nguvu ya bure. Mimi nikawa napunguza uzito wa gari na Justi anapunguza wake, na katika mashindano hayo sikupenda alivyokuwa anaongoza. Nikang'oa zulia, hita, kiti cha abiria, kiti cha nyuma. Viti nikavipanga uani, upande wa barabarani, vipigwe jua, kwa sababu vilinuka panya. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa na unyevu, nilikata nyasi mbichi nikatandaza uani ili nipate mahali pa kulala ninapofanya kazi.

Kila aliyeishi hapa miaka ile ameshajua nilichofanya.

Magari ya kubebea maiti hayakuwepo. Mtu akifia hospitali mjini alirudishwa kwenye kibanja cha kwao, shamba la migomba la ukoo, kwa gari lolote lenye mlango wa nyuma, na ili jeneza liingie ilibidi kwanza kung'oa viti. Kwa hiyo ukipita kwa watu wenye mgonjwa ukaona viti vya gari vimepangwa uani, na nyasi mbichi zimetandazwa kama tunavyotandaza kupokea waombolezaji, huulizi. Unaenda nyumbani unakata mkungu wa ndizi, unachukua kuni, unarudi.

Nilikuwa chini ya Senene. Nikaona miguu, miguu mingi, na viatu vya Mzee Kaijage, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, ambavyo vilikuwa vinajulikana kwa kung'aa.

"Deusi, pole sana," viatu vikasema.

"Asante, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima. Nilidhani ananipa pole ya kazi.

"Imetokea saa ngapi?"

"Toka asubuhi niko hapa. Kilichobaki ni kufunga tu."

Hapo akina mama wakaangua kilio. Nilijigonga kichwa kwenye gia boksi. Nilipotoka, ua ulikuwa umejaa: mikungu ya ndizi, kuni, masufuria makubwa ya chama, wanaume wawili wamekuja na majembe kabisa wanauliza kaburi litakuwa upande upi wa kibanja. Mama mmoja alikuwa tayari ameshika kichwa anasema, "Justi wetu! Aliyekuwa hapiti bila kusalimia! Justi mwenye meno mazuri!"

Na Justi mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya gari, kwenye kiti pekee kilichobaki, ameinamia pedali ninazompimia. Akatoa kichwa dirishani.

"Hiyo ya meno rudia," akasema.

Sitawaelezea kelele iliyofuata. Waliokimbia walikimbia, na mmoja wa wale wenye majembe nasikia alienda kusimama Kashai. Mzee Kaijage hakukimbia, kwa sababu ya cheo. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Justinian, waitu. Uko hai?"

"Niko, Mzee. Nisameheni kwa usumbufu."

"Hapana, hapana. Sisi ndio tumewahi."

Lakini vile vilio vya mwanzo vilikuwa vimeshafika shambani.

Ma Leokadia alitokea kati ya migomba akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, wala sikumwona akikimbia tena. Hakulia, hakuita. Alipita katikati ya watu kana kwamba hawapo, akazunguka nyumba, akafika kwenye gari, akamkuta mwanawe ameshika usukani anamtazama.

"Mama, pole," Justi akasema. "Ni viti vya Deusi."

Alikaa chini pale pale, kwenye nyasi zangu. Mimi nilikuwa nimeshika spana ambayo haikuwa na kazi yoyote. Kisha akaanza kufungua pindo la kanga, na fundo likamsumbua. Justi akanyoosha mkono kutoka dirishani amsaidie, mama akaukataa, akalifungua mwenyewe.

"Nilipokuwa nakimbia," akasema, "huu ulikuwa unanigonga kwenye paja. Kila hatua unanigonga. Nikasema, mwanangu amekufa na mimi ndiye niliyeushika." Akampa ufunguo. "Chukua. Sitaki kukimbia nao tena."

Ilibaki shida ya ndizi. Mnajua kwetu chakula kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani. Ukirudi nacho unaubeba msiba na kuuingiza kwako. Na msiba wenyewe ulikuwa haupo. Mzee Kaijage aliwaita wazee pembeni, wakajadiliana kwa uzito wote, maana katiba ya chama haikuwa na kifungu cha marehemu anayekataa. Mwishowe Ma Leokadia alisimama akajifuta nyasi.

"Pikeni," akasema. "Kesho Jumamosi. Mtampeleka mwenyewe kiwanjani, mle huko."

Basi msafara wa Senene kwenda kiwanjani ulikuwa hivi: mbele Senene yenyewe, naendesha mimi, Justi kakaa nyuma kwenye kipande cha godoro langu kilichobaki akihifadhi nguvu; nyuma yetu lori la samaki la Magesa, hili lina sakafu, limebeba chama cha kuzikana chote, pamoja na masufuria. Njiani watu walisimama wakavua kofia. Hatukuwa na namna ya kuwaeleza. Justi alikuwa anawapungia mkono kwa dirisha la nyuma, na hilo nadhani halikuwasaidia.

Kiwanjani nilimfunga mkanda. Mutalemwa akakagua nati za magurudumu moja moja, kwa mkono wake, ingawa nilishazikagua mimi. Akainama dirishani. "Mzunguko wa kwanza unalisikiliza," akamwambia. "Wa pili wewe ndiye unaliambia." Ushauri mwingine wa udereva sijawahi kuusikia unaoushinda huo, kwa hiyo uchukueni bure.

Justi alizunguka. Ule wa kwanza alikuwa anatafuta, anashika breki mapema, anakata pipa kwa mbali. Wa pili gari likanyooka. Aliingia kona ya mwisho akaachia mguu kidogo, mkia wa Senene ukacheza pembeni, akaurudisha kwa ule usukani wa pikapu mpana kama sinia, vumbi jekundu likatufunika sisi na ndizi zetu. Chama cha kuzikana kilipiga vigelegele ambavyo hakikuwahi kupata nafasi ya kuvipiga kazini.

Alisimama mbele yetu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na meno yote yako nje.

"Shabir, nimepata ngapi?"

Shabir alikuwa ameshika saa yake kama alivyoishika tangu mwanzo, kidole kiko juu ya kitufe. Akaitazama. "Sikuibonyeza," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naangalia."

"Basi hakuna aliyenishinda," Justi akasema, akazima injini.

Nilidhani siku imeishia hapo. Nilikuwa nainama kufungua mkanda nilipoona Ma Leokadia anavuka kiwanja, amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, mkoba mkononi. Akafungua mlango wa upande wa pili. Kiti hakikuwepo, kilikuwa Ijuganyondo kinapigwa jua. Akatazama bati tupu, akakunja kanga yake mara nyingi, akaiweka, akakaa chini kabisa mpaka kichwa kikawa kinaonekana nusu tu dirishani. Akafunga mlango.

"Nizungushe," akasema.

Justi akanitazama. Mimi nikamtazama Mutalemwa. Mutalemwa akatazama mawingu.

Ikaondoka polepole, gia ya kwanza, ya pili, kama inabeba maziwa. Walipita kwenye mapipa ya mbali, wakarudi kwetu, na vioo vilikuwa chini, kwa hiyo tulimsikia vizuri Ma Leokadia akiuliza kwa sauti ya kuishinda injini: "Justi, tata, baba yangu, ndio mwisho wake huu?"

Sijui alijibiwa nini. Nilisikia gia ikishushwa na mguu ukazama wote. Mzee Kaijage akavua kofia yake. Na kwa lile dirisha niliona mkono wa mama ukipanda juu, unatafuta, ukakuta kile kishikio kidogo cha juu ya mlango wa abiria, ambacho nilisahau kukivua. Akakishika. Walizunguka mpaka petroli aliyotupatia Shabir ikaisha, na kila walipopita ule mkono ulikuwa pale pale.

Kwa hiyo, wanangu, vueni zulia. Vueni viti, vueni hita, vueni redio mnayoipenda. Hicho kishikio kiacheni. Nimekipima mkononi mara nyingi, hakina uzito.